Mdomo Uliojaa Watoto

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana ninyi mkishapewa mwaka mnaanza kuhesabu vidole badala ya kusikiliza, palikuwa na nyumba moja Ujiji, juu kidogo ya ziwa, na ndani ya nyumba hiyo walikuwamo wazazi wawili. Mmoja alikuwa mtu. Wa pili alikuwa samaki.

Naona mnacheka. Chekeni sasa hivi, kwa sababu mwisho nina swali, na mara ya mwisho nilipoliuliza, waliocheka mapema ndio waliogombana mpaka chakula kikapoa. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nataka kusikika.

Mzazi wa kwanza aliitwa Tausi. Mumewe, Amrani, alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu, kwa hiyo Tausi alikaa kwa mama mkwe wake, Bi Mwamvua. Mara mbili Tausi alishika mimba, na mara mbili alirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Mara ya tatu akarudi na mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nyumba nzima ikafurahi, isipokuwa Tausi. Yeye aliogopa kufurahi. Alimshika yule mtoto kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani, anayejua kwamba mwenyewe anaweza kubisha hodi wakati wowote.

Mzazi wa pili hakuwa na jina. Alikuwa samaki mdogo wa ziwa letu, urefu wa kidole, wa manjano mwenye mistari myeusi. Alikaa ndani ya tangi la kioo chumbani kwa Tausi. Tangi hilo liliachwa na mpangaji wa zamani, mwalimu aliyehamishwa, ambaye alimwona Tausi na tumbo lake akipenda kuketi pale kutazama, akamwambia, "Basi kaa nao." Dume la samaki yule lilikuwa humo humo pia, limejificha nyuma ya mawe, kama madume mengine ninayoyajua ambayo sitayataja.

Samaki wa aina hii hatagi mayai akaenda zake. Anataga, anayaokota kwa mdomo, anaufumba, na watoto wanakulia humo humo mdomoni mpaka waweze kuogelea. Muda wote huo mama hali kitu. Mwalimu alipokuwa anafunga mizigo alisema neno moja tu: "Ukiona amefumba mdomo na kidevu kimevimba, mwache. Usimfukuze, usimtie kwenye wavu. Akishtuka sana atawatema kabla ya wakati wao, au atawameza."

Siku chache baada ya Tausi kurudi na mtoto, samaki akafumba mdomo, kidevu kikavimba. Tausi akasogeza uso kwenye kioo, akanong'ona, "Tuko wawili, mwenzangu." Na moyoni akafunga neno. Samaki akiwatoa watoto wake wazima, na yeye ataruhusu wake atolewe nje bila hofu. Asipowatoa, basi. Hiyo basi ilikuwa na maana gani, hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile alinyonyesha huku akimtazama samaki, na akala huku akimtazama samaki.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile, kwa sababu bila desturi hii sina hadithi. Mzazi hukaa chumbani mpaka arobaini itimie. Taa ya chumba chake haizimwi, usiku wala mchana. Mzazi hulishwa na mtaa mzima. Na arobaini ikitimia, mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza, na yule anayevuka naye kizingiti, mtoto huchukua tabia yake. Hilo pale halikuwa jambo la mchezo. Bi Mwamvua mwenyewe alitolewa na bibi mmoja mbishi kupita kiasi, na mpaka leo hajatokea mtu wa kumshinda Bi Mwamvua kwa ubishi.

Basi mtaa ukasikia kwamba nyumba ya Bi Mwamvua ina wazazi wawili. Nanyi mnawajua watu wa Ujiji. Mzazi ni mzazi! Waliomletea Tausi uji wa pilipili manga walimletea na samaki chochote. Na wa kwanza kumlisha alikuwa nani? Alikuwa Bi Mwamvua huyo huyo. Alimega kitumbua, akakitumbukiza majini. "Kula, mwanangu, una watoto." Wa pili akatia ubwabwa. Wa tatu akatia chapati. Mmoja akaleta kipande cha ini, eti kiongeze damu. Na samaki hakugusa hata chembe. Chakula kikazama, kikavimba, kikaoza taratibu nyuma ya mawe.

Kulikuwa pia na Sikitu, dada yake Amrani, shangazi wa mtoto. Sikitu alikuwa mlinzi wa desturi. Ndiye aliyeweka taa kubwa kuliko ile iliyokuwapo, "isije ikaungua katikati ya arobaini." Ndiye aliyesogeza meza ya tangi chini ya taa ile, akafungua dirisha la upande wa jua, ili wageni wamwone samaki vizuri. Nia njema tupu, jamani. Ukiichunguza nyumba ile humpati mtu hata mmoja mwenye nia mbaya.

Maji yakaanza kugeuka. Kwanza rangi kidogo tu, ungedhani ni macho yako. Kesho yake zaidi. Wiki ilipokatika, tangi zima lilikuwa kijani kama kisamvu. Ule ukijani ni mwani, mdogo mno kiasi kwamba jicho haliuoni mmoja mmoja, na unapenda vitu viwili: mwanga, na uchafu wa kula. Nyumba ya Bi Mwamvua iliupa vyote viwili, tena kwa ukarimu.

Tausi hakumwona tena samaki wake. Aliweka uso kwenye kioo, akaona kijani. Akahamia upande wa pili, kijani. Sahani ya chakula ikarudi jikoni kama ilivyokwenda. Maziwa yakapungua, mtoto akalia, na Tausi akalia naye. Hapo wote wakaacha utani. Waliona wazi kwamba maji yale yasipotakata, si samaki tu watakayempoteza.

Washauri wakaja. Washauri hawakosekani! Mmoja akasema tia ndimu. Mmoja akasema tia chumvi ya mawe. Na mdogo wake Amrani, Kabwe, akaingia mbio na chupa mkononi.

Huyu Kabwe alikuwa dereva wa bodaboda, na kijiweni jina lake lilikuwa Umeme. Alikula amesimama. Alisali wa mwisho kufika na wa kwanza kutoka. Akasema, "Shemeji, nipe dakika tano tu. Hii ni dawa ya madoa. Nilitia kwenye shati langu lililomwagikiwa mchuzi, likawa jipya."

Tausi akamtazama. "Na hilo shati, shemeji, lilikuwa na watoto mdomoni?"

Kabwe akaificha chupa nyuma ya mgongo. Ndipo Tausi akanyanyuka kitandani, kwa shida, mtoto kifuani, akasema mbele ya mama mkwe, mbele ya wifi na mbele ya shemeji: "Mimi sina nguvu tena. Atakayenirudishia samaki huyu nimwone kwa macho yangu, yeye hai na watoto wake hai, ndiye atakayemtoa mwanangu nje."

Bi Mwamvua alikuwa amejihesabia jambo hilo tangu mimba ilipoonekana, maana ndiye bibi. Sikitu naye alijihesabia, maana ndiye shangazi. Na Kabwe, ambaye hakuna aliyewahi kumkabidhi kitu kinachovunjika, alilitaka kuliko wote wawili.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Bi Mwamvua. Alifunua kifuniko cha tangi, akanusa, akakunja pua. Akachota kwa upawa pale juu ya mawe, ukaja na kitumbua kilichovimba kama sponji. Akakigeuza, akakitambua. Kilikuwa chake. Akamtazama Tausi, akatazama lile tangi, na kitu kikamwingia akilini.

"Sisi ni wajinga," akasema. "Mdomo umejaa watoto, huyu atakula kwa kipi?"

Akatandika mkeka mlangoni pa chumba cha mzazi, akaketi. Aliyekuja na uji wa Tausi, aliupokea yeye kwa mikono miwili. Aliyekuja na chochote cha samaki, alirudi nacho. "Ahsante, dada, samaki amefunga." "Ahsante, mwanangu, rudi nacho." Na kwa kuwa mkono wa mgeni haulindiki, alizuia watu wote kulikaribia tangi.

Mnaona kama ni jambo dogo? Ngojeni. Alikuja Bi Salama, shoga yake tangu wakiwa wasichana, na sahani ya ubwabwa imefunikwa kitambaa safi. "Huu wa mzazi, na hiki kidogo cha samaki wenu."

"Cha samaki hakiingii, shoga yangu."

"Hata changu?"

"Hata changu mwenyewe hakiingii."

"Basi niingie nimtazame tu."

"Na kumtazama, bado."

Bi Salama akaishusha sahani chini. "Mwamvua, unaniogopa jicho? Mimi?" Akajifunga kanga, akaondoka, na jioni ile ile mtaa mzima ulijua kwamba Bi Mwamvua anawaona wenzake wana kijicho. Watu wakaacha kupita pale. Uji ukaacha kuja, Bi Mwamvua akaupika mwenyewe. Aliumia, nawaambia, aliumia sana. Shoga wa tangu usichana hapatikani dukani. Lakini hakutoka kwenye ule mkeka.

Na maji? Maji yaliacha kuzidi ukijani. Lakini hayakurudi nyuma. Mwani ulikuwa umeshashiba, na taa ilikuwa juu yake.

Wa pili kuinuka alikuwa Sikitu. Siku hiyo alikuwa uani anachota maji ya kufulia kwenye pipa linalokaa juani, akaona ukutani mwa pipa utelezi wa kijani. Akaingia jikoni kuchota ya kunywa mtungini, kwenye giza la pembeni, yakatoka safi. Akasimama na kata mkononi. Maji ni yale yale, yametoka bomba moja. Akatoka tena akalitazama pipa. Akarudi akautazama mtungi. Halafu akaingia chumbani kwa Tausi, akainua macho akaiona ile taa yake kubwa.

"Mama," akasema, "ni taa."

"Taa ya mzazi haizimwi," Bi Mwamvua akajibu kutoka mlangoni. "Uliyesema ni wewe."

"Haizimwi, ndiyo. Lakini samaki hakuomba taa."

Sikitu alikuwa anakaribia kuolewa, na kwa ajili ya nyumba yake mpya alikuwa ameweka pazia la mahameli, zito, rangi ya damu ya mzee, lililomchukua muda mrefu kulipata. Kila jioni alilifungua, akalipapasa, akalikunja tena. Siku hiyo alilifungua, akachukua mkasi, akalikata. Akashona gunia la kulivika tangi lote, mbele, nyuma na pembeni, akaacha upenyo mdogo juu wa kupitisha hewa na waya wa kimashine cha kupuliza mapovu, kilichoachwa pamoja na tangi. Taa ya mzazi ikabaki inawaka, samaki akapata giza lake.

Lakini kabla ya kulivika alipiga magoti mbele ya kitanda. "Wifi, ili umwone, kwanza lazima ukubali usimwone. Hata kidogo. Usifunue, usichungulie."

Tausi akatikisa kichwa. "Na akifa humo ndani nisijue?"

"Nitakaa nawe. Utasikia mapovu. Mapovu yakilia, jua nami nipo, naye yupo."

Akakaa naye. Alimlisha kijiko kwa kijiko, na Tausi alipousogeza mkono kwenye pazia, Sikitu alimshika kidole na kumwanzishia mazungumzo ya harusi, ya vyombo, ya wifi wengine wabaya kuliko yeye. Maziwa yakarudi kidogo. Siku zikapita hivyo, na harusi ikakaribia bila pazia.

Walipolifunua, Tausi alipiga kelele. Kijani kilikuwa kimekwenda, kweli. Lakini mwani ule uliokufa haukuwa umetoka. Ulikuwa umo humo, unaoza, na maji yalikuwa meupe mazito kama yaliyooshewa mchele. Na pale juu kabisa, karibu na mapovu, samaki alionekana kama kivuli, amefumba mdomo, mashavu yanapiga haraka haraka. Hewa ilikuwa inamwishia. Na samaki anayetaka hewa hufungua mdomo.

"Atawatema," Tausi akasema. "Sikitu, atawatema!"

Ndipo wa tatu akaingia, kofia ya pikipiki bado kichwani. Kabwe akaona mara moja. "Maji yote yamwagwe! Nipeni ndoo, dakika moja namaliza!" Akashika tangi kwa mikono miwili, na tangi likatikisika, na samaki akaruka kama aliyechomwa sindano.

Kabwe akaachia. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Akaitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Umeme alisimama pale asifanye kitu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nikiyatoa kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo wewe?" Bi Mwamvua akasema, na hakuwa anatania.

"Mimi, mama."

Maji ya bomba yana dawa, pua yoyote inajua. Kwa hiyo Kabwe alifunga madumu kwenye pikipiki akaenda ziwani, nyumbani kwao samaki, akajaza penye mawe maji yalipo safi. Akarudi mwendo wa kubeba maiti ili yasichafuke. Kijiweni wakamwona anapitwa na baiskeli. "Umeme umekatika!" wakapiga kelele. Mmoja akamwita Kinyonga, na jina likamganda. Yeye akaendelea na mwendo ule ule.

Madumu aliyaweka chumbani, akayaacha yapate joto lile lile la tangi. Ndipo akachukua kimpira chembamba, akakitumbukiza mpaka chini penye uchafu, akakinyonya upande wa pili kama wanavyonyonya mafuta. Akapata kinywa kizima cha mabaki ya kitumbua cha mama yake cha mwezi uliopita. Akatema, akafuta mdomo, akanyonya tena. Uchafu ukatiririka kwenye ndoo, uchafu tu, polepole, bila kugusa jiwe, bila kumgusa samaki. Akatoa sehemu ndogo, akaacha. Akachota maji ya ziwa kwa kikombe, akayamimina yakiteleza kwenye kioo, kikombe baada ya kikombe, mpaka Tausi akasinzia kwa sababu ya sauti ile. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Kila mara kidogo, kila mara polepole, mchana wote wa abiria ukipita barabarani, na abiria wake wakizoea kupanda kwa wengine.

Na kila siku Tausi aliona zaidi kidogo. Leo jiwe la mbele. Kesho jiwe la nyuma. Halafu ukuta wa pili wa kioo, halafu rangi ya ukuta wa chumba nyuma ya kioo.

Siku ya arobaini ikafika. Amrani alikuwa amerudi safari. Uani walijaa watu, maana hasira zao hazikuweza kuizidi harufu ya pilau, na Bi Salama mwenyewe alikuwapo, amekaa mbali, uso ameugeuza ukutani. Chumbani jua liliingia kidogo kwa upenyo wa dirisha, na maji ya lile tangi, sikilizeni, maji yalikuwa kama hayapo. Mlango ukawa umeachwa wazi, na waliokuwa karibu wakachungulia.

Samaki akatoka nyuma ya mawe. Amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili. Akaja mpaka kwenye kioo, mbele ya Tausi, akasimama. Akafungua mdomo.

Akatoka mmoja. Mdogo kama punje ya mpunga, na mistari yake tayari. Akatoka wa pili. Halafu wakatoka wote pamoja, wakatawanyika kwenye maji yale safi, wazima, wenye macho, kila mmoja anajua kuogelea bila kufundishwa.

Bi Salama, ambaye alikuwa amegeuza uso ukutani, alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele! Uani wakaitika. Na watoto wa samaki, kwa kishindo kile, wakageuka wote kwa pamoja wakarudi mbio mdomoni mwa mama yao, mdomo ukafumbwa.

"Nyamazeni!" Bi Mwamvua akafoka. "Salama, shoga yangu, karibu ndani utazame kwa karibu, lakini funga huo mdomo!"

Bi Salama akaingia, amejiziba kwa kanga, machozi yanamtoka. Mdomo wa samaki ukafunguka tena, watoto wakatoka tena, na ninyi hamjawahi kuona watu wanashangilia namna ile: watu uani kote wamejiziba midomo kwa viganja, wanaruka, wanakumbatiana, wanatikisana mabega, bila sauti. Kabwe alivua kofia akamvika mama yake. Sikitu alicheza peke yake katikati ya chumba. Na Tausi akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mara ya kwanza tangu ajifungue, na safari hii samaki hakushtuka.

"Yuko hai," akasema. "Na wake wako hai. Na wangu yuko hai." Akamfunga mtoto vizuri kwenye kanga mpya, akasimama kizingitini. "Haya. Mwanangu atolewe nje."

Mikono ikanyooshwa.

Amrani ndiye aliyetangulia. "Mimi ni baba yake," akasema.

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?" wakauliza wote kwa pamoja. Amrani akaenda kusimama nyuma ya kabati. Nami niliwaambia nayajua madume.

Bi Mwamvua akasema: "Nipe mimi. Chakula kingeendelea kuingia, giza lisingefaa kitu na maji ya ziwa yasingefaa kitu. Mwani ungezaliwa upya kila asubuhi. Nilikaa mlangoni nikaitwa mchoyo, nikaitwa mwoga wa jicho, nikamfukuza mtu ninayempenda, nisiwe na uhakika hata kidogo kwamba itafaa. Mtoto huyu nikimtoa mimi, atajua kusema hapana, hata kwa awapendao."

Sikitu akasema: "Lakini mama, kitumbua cha kwanza kilikuwa chako. Ulichozuia ni ulichokianzisha. Nipe mimi, wifi. Ukijani haukuondoka kwa njaa, uliondoka kwa giza, na giza hilo nililikata kwenye pazia la nyumba yangu mwenyewe. Nitaolewa madirisha wazi. Nami ndiye niliyekaa nawe ulipokuwa huoni kitu. Mtoto huyu nikimtoa mimi, atatoa alicho nacho, wala hatakimbia aliye gizani."

Kabwe akasema: "Lakini dada, taa ilikuwa yako. Na giza lako lilikaribia kumwua. Mlipofunua, alikuwa anakata roho. Aliyempa hewa ni mimi. Nyie kila mmoja alirekebisha kosa lake. Mimi maji sikuyachafua."

"Ungetia dawa ya madoa!" Sikitu akasema.

"Ningetia, sikutia. Tangi nililitikisa, kweli. Lakini ninyi mlifanya mnayoyaweza. Mama ni mbishi, akabisha. Dada ana huruma, akahurumia. Mimi nilifanya nisichokiweza. Nilikuwa Umeme, leo naitwa Kinyonga. Mtoto huyu nikimtoa mimi, atajua kujigeuza mwenyewe."

Tausi akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Akasema, "Wote mmesema kweli, na ndilo tatizo langu." Akageukia watu waliojaa uani.

Nami nawageukia ninyi.

Msiniambie atolewe na wote watatu; mlango ule ni mwembamba, anapita mtu mmoja. Msiniambie Tausi amtoe mwenyewe. Desturi inamweka mama nyuma. Na wewe wa muwa, usiniambie samaki ndiye aliyestahili, aliyefumba mdomo kwa njaa, kwa kijani, kwa giza na kwa kukosa hewa, asiuachie. Najua alistahili. Lakini samaki hana mikono.

Mtoto ameamka. Anapapasa hewa, anatafuta kifua cha kushika. Mama yake, ambaye mara mbili alirudi na mikono mitupu, leo ananyoosha mikono amtoe kwa hiari, bila kuogopa. Maisha yake yote yule binti atakuwa na moyo wa huyo atakayempokea sasa hivi.

Je, ni nani kati yao aliyestahili? Na angekuwa wako wewe, ungemweka mikononi mwa nani?